Jeraha Lisiloandikwa

Jani la mkonge huishia kwenye mwiba mgumu, mweusi, wa urefu wa sentimita mbili hivi. Mkataji mzoefu huuondoa mwiba kwanza, ndipo alifunge jani pamoja na mengine. Lakini anayelipwa kwa idadi ya mafungu, mwenye ngwe ya kumaliza kabla jua halijachoma, hufika mahali akakata kwa haraka kuliko anavyotazama. Mwiba ukimwingia kidoleni, kidole huvimba na kutunga usaha. Ukimwingia jichoni, jicho linaweza kupotea. Kwenye korona, mashine inayochubua jani na kubakiza nyuzi, hatari ni ya mkono mzima. Na kwenye brashi, ambako nyuzi husuguliwa kabla ya kufungwa marobota, hatari iko hewani, ndani ya vumbi ambalo hakuna anayeliita ajali.

Shirika la Kazi Duniani, ILO, kwa miaka mingi limekitaja kilimo kuwa moja ya sekta tatu zenye hatari zaidi kwa wafanyakazi, pamoja na ujenzi na machimbo. Habari hiyo haimshangazi mtu aliyeishi Korogwe, Kilombero, Mufindi au Kericho. Linalohitaji kuchambuliwa ni yale yanayofuata baada ya mtu kuumia: nani anampeleka hospitali, nani analipa, mshahara unaendelea au unakatika, na iwapo hatarudi tena kazini, familia yake itaishi kwa nini. Tanzania Bara ina sheria inayojibu maswali hayo yote, na kwa maoni yangu majibu yake mengi ni mazuri. Mfanyakazi wa shamba huangushwa mapema zaidi, kabla sheria haijapata nafasi ya kumsaidia. Huangushwa na jinsi shamba lenyewe linavyoendeshwa: nani ameandikwa kwenye daftari, kwa jina gani, kwa mshahara upi, na nani ameshika kalamu siku mtu anapoumia.

Uendeshaji huo una historia. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Kati ya miche elfu moja aliyoagiza kutoka Florida, ilifika hai 62 tu. Kutoka kwenye miche hiyo yakaota mashamba yaliyoufanya mkoa wa Tanga ujulikane dunia nzima, na kufikia mwaka 1964 nchi ilikuwa ikizalisha karibu tani 230,000 kwa mwaka. Kazi hiyo ilifanywa na manamba, vibarua wa mkataba waliotolewa Kigoma, Songea, Njombe, Rwanda, Burundi na Msumbiji. Tangu 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya pamoja ya kuwakusanya na kuwasafirisha, SILABU. Manamba alipewa kadi, kipande, yenye nafasi za siku 30 za kazi. Akimaliza ngwe, siku inatiwa alama. Asipomaliza, haitiwi. Siku aliyolala kambini na mguu uliovimba ilikuwa siku tupu kwenye kadi, na kadi isiyojaa haikulipwa. Kwa mpango ule kuumia na kutokufanya kazi vilikuwa kitu kimoja kwenye hesabu. Sehemu ya fikra hiyo bado iko mashambani, ingawa kadi zenyewe zimekwisha.

Sheria ya fidia iliyoachwa na mkoloni, ile ya mwaka 1949, ilidumu miongo mingi baada ya Uhuru. Ilimtaka mwajiri amlipe aliyeumia, yeye mwenyewe au kupitia kampuni ya bima. Viwango vyake vilibaki pale pale huku shilingi ikiporomoka, hata ikafika wakati malipo ya juu kabisa kwa ulemavu wa kudumu yalikuwa shilingi 108,000, na kwa kifo shilingi 83,000. Kwa fedha hizo hata mazishi hayatoshi. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, ambayo sasa ni Sura ya 263, na kuunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Waajiri walianza kuchangia Julai 2015, na mwaka uliofuata Mfuko ukaanza kulipa mafao. Sekta binafsi ilianza na asilimia 1 ya mishahara yote ya wafanyakazi. Kiwango hicho kikashushwa hadi 0.6 mwaka 2021, na 0.5 mwaka 2022, sawa na sekta ya umma. Mzigo wote ni wa mwajiri. Anayemkata mfanyakazi senti moja kwa ajili ya mchango huo anavunja sheria.

Jambo kubwa kuliko yote katika sheria hii ni kwamba haimtaki aliyeumia athibitishe kosa la mtu. Zamani, aliyetaka haki kamili alilazimika kwenda mahakamani na kuonyesha kuwa mwajiri alizembea. Sasa inatosha kuwa ajali ilitokana na kazi na ilitokea akiwa kazini. Hata mkataji aliyekosea mwenyewe kwa haraka zake analipwa. Matibabu hugharamiwa. Asipoweza kufanya kazi kwa muda, hupata asilimia 70 ya mshahara wake kwa muda usiozidi miezi 24. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, na unaozidi hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi. Wapo pia wanaohitaji mtu wa kuwahudumia kila siku, wanaohitaji utengamao, na familia zilizoachwa na marehemu: wote wana fungu lao. Baadhi ya nchi jirani hazijafika hapo. Uganda bado inamwachia mwajiri mwenyewe mzigo wa kulipa, na fidia ya kifo huko ni mshahara wa miezi 60, ukiisha umeisha.

Tunapaswa kujiuliza, basi, njia ya kuifikia fidia hiyo inakatikia wapi.

Inakatikia kwanza kwenye swali la mwajiri ni nani. Kwenye shamba kubwa la kampuni, lenye ofisi na mhasibu, jibu liko wazi. Lakini chukua miwa ya Kilombero. Sehemu kubwa ya miwa inayoingia kiwandani hutoka kwa wakulima wa nje, wenye ekari mbili, tano au ishirini, waliojiunga katika vyama vya ushirika vya mazao, AMCOS. Chama ndicho kinachopanga zamu za kuvuna. Kazi ya kukata hupewa kundi la wakataji, na kundi lina kiongozi wake anayewakusanya vijana kutoka vijiji mbalimbali. Shamba limechomwa moto jana usiku. Leo alfajiri kijana anaingia na panga kwenye masizi, anakata kwa kuinama, na panga linamteleza hadi kwenye ugoko. Aliyemwajiri ni nani? Mwenye shamba atasema analipia tani, hamjui huyu kijana. Chama kitasema kiliingia makubaliano na kiongozi wa kundi. Kiongozi mwenyewe ni mkataji kama wengine. Kiwanda kilinunua miwa tu. Kila mmoja kati yao ananufaika na kazi ya kijana huyu, na hakuna aliyemchangia.

Sheria haikukusudia hivyo. Kwa maneno yake, mwajiriwa ni mtu anayefanya kazi kwa mkataba ulioandikwa au wa mdomo, alipwe kwa muda au kwa kiasi cha kazi aliyoifanya. Kibarua amo humo. Anayelipwa kwa tani amo humo. Kwa hiyo mtu anayeambiwa kwamba vibarua hawana fidia anadanganywa, na uongo huu unarudiwa mashambani hata na watu wanaousema kwa nia njema, kwa kuwa ndivyo walivyoambiwa wao pia. Mwajiri asiyejisajili au asiyechangia anaweza kupigwa faini ya hadi shilingi milioni 50, kufungwa hadi miaka mitano, au vyote viwili. Adhabu hiyo ni nzito kwenye karatasi. Lakini ukaguzi hufuata ofisi, na mashamba mengi ya aina niliyoieleza hayana ofisi.

Njia hukatikia pia kwenye mshahara. Mafao mengi ya fedha huhesabiwa kutokana na kipato, na kipato kinachotazamwa ni kile kilichoandikwa. Amri ya mishahara ya mwaka 2022 iliweka kima cha chini cha kilimo kuwa shilingi 140,000 kwa mwezi. Tuseme, chini ya amri hiyo, mkataji hodari hufikisha 300,000 katika mwezi wa msimu kwa sababu analipwa kwa kazi, lakini mwajiri, ili apunguze mchango wake, amemwandika kwa kima cha chini. Akivunjika mguu, asilimia 70 ya 300,000 ni 210,000. Asilimia 70 ya 140,000 ni 98,000. Tofauti ya 112,000 kwa mwezi ni karo, unga na kodi ya chumba. Kwa upande wa mwajiri, alichookoa ni nusu ya asilimia moja ya 160,000, yaani shilingi 800 kwa mwezi. Sijui hesabu nyingine mashambani ambamo mtu mmoja huokoa kidogo kiasi hicho kwa kumpotezea mwenzake kiasi kikubwa namna hiyo. Ndiyo maana napendekeza kila anayelipwa kwa ngwe au kwa uzito ajitunzie karatasi zake za malipo, hata zile ndogo zilizoandikwa kwa mkono na karani wa mizani, au azipige picha kwa simu. Karatasi hizo zinaweza kumpa hoja anapodai kipato chake halisi.

Halafu kuna siku saba. Aliyeumia, au mtu mwingine kwa niaba yake, anatakiwa amjulishe mwajiri mapema iwezekanavyo, na mwajiri anatakiwa aujulishe Mfuko ndani ya siku saba tangu apate taarifa. Dai lenyewe lina miezi 12. Mtu wa mjini huona muda huo ni mrefu. Shambani huyeyuka, na huyeyukia kwa mnyapara. Yeye ndiye aliyepo jeraha linapotokea, na yeye ndiye anayepimwa kwa tani alizotoa na kwa siku ambazo timu yake imemaliza bila ajali. Simlaumu mnyapara peke yake. Mara nyingi naye ni mtu wa mkataba mfupi. Lakini mazungumzo huwa yale yale: pole sana mzee wangu, kajipumzishe siku mbili tatu, nitakutilia tiki, tusiwasumbue wakubwa. Mzee anashukuru, maana siku mbili za tiki ni fedha mkononi, na fidia ni jina tu alilowahi kulisikia kwenye redio. Siku ya tano kidonda kinaanza kunuka. Siku ya kumi yuko hospitali ya wilaya, amelipa kwa fedha za kukopa, na kwenye cheti chake daktari ameandika kidonda cha mguu, bila neno lolote kuhusu shamba wala panga.

Cheti cha kwanza cha hospitali ni karatasi yenye uzito kuliko zote. Tabibu akiandika kwamba mgonjwa amesema ameumia kazini, tarehe fulani, kwa chombo fulani, ushahidi umeshazaliwa siku ile ile, na mtu asiyehusika na ugomvi wa baadaye ndiye aliyeuandika. Asipoandika, miezi sita baadaye itakuwa neno la kibarua dhidi ya neno la meneja. Zahanati za mashamba zimekuwa msaada mkubwa kwa huduma ya kwanza, na ni haki kuzisifu kwa hilo, ila daftari lao hukaa kwa mwajiri. Aliyeumia aombe nakala. Akipelekwa hospitali ya nje, aseme mwenyewe mbele ya daktari: nimeumia kazini. Na kama amegongwa au ameanguka barabarani kutoka kwenye tela la trekta lililowabeba wafanyakazi, apate pia fomu ya polisi, PF3. Wapo wanaodhani kwamba kuumia kabla ya kushika panga hakuhesabiki. Sheria ya Kenya imelimaliza hilo kwa kutamka kwamba safari ya kwenda na kurudi kazini kwa chombo cha mwajiri ni sehemu ya kazi.

Majeraha niliyoyataja mpaka sasa yanaonekana kwa macho. Magumu zaidi ni yale yanayokuja polepole. Orodha ya ILO ya magonjwa ya kazi inataja kwa majina maradhi ya mapafu yatokanayo na vumbi la pamba, kitani, katani na miwa. Vumbi la brashi za Tanga limo humo, bila shaka yoyote. Lakini mwanamke aliyefanya kazi kwenye brashi miaka 15, akaanza kubanwa kifua kila Jumatatu anaporudi kazini, atatibiwa pumu, atapimwa kifua kikuu, na pengine ataambiwa ni moshi wa kuni. Ni nadra daktari kumuuliza kazi yake. Sheria inatambua magonjwa ya kazi sawa na ajali, ila ajali ina tarehe na shahidi, na ugonjwa hauna. Unahitaji daktari aliyefundishwa, na historia ya kazi ambayo vibarua waliohama mashamba manne hawana mahali pa kuitoa.

Dawa za kuua wadudu zina ugumu wa aina hiyo hiyo. Mpuliziaji mwenye bomba la mgongoni linalovuja, bila glovu wala barakoa ya kufaa, hupata dozi kidogo kila siku kupitia ngozi. Dawa za jamii ya organofosfati na kabameti hushusha nguvu za kimeng'enya cha mwilini kiitwacho kolinesterasi. Dozi ikiwa kubwa, mtu hutokwa jasho na mate, mboni za macho hufinyaa kama tundu la sindano, misuli hutetemeka. Ikiwa ndogo ya kila siku, anaumwa kichwa na kuchoka, na nyumbani wanasema ana malaria. Kipimo cha damu kipo, lakini husaidia zaidi kikilinganishwa na kile alichopimwa kabla msimu haujaanza. Asiyepimwa mwanzo hana cha kulinganisha mwisho. Kwa hiyo kupima wapuliziaji kabla ya msimu ni kinga ya afya na wakati huo huo ni ushahidi. Sioni sababu ya kuuachia utaratibu huo mashamba ya maua tu, ambayo wanunuzi wake wa Ulaya hudai ukaguzi, huku wapuliziaji wa pamba, korosho na nyanya wakiachwa bila kipimo. Siku ya sumu kumwagika, avuliwe nguo, aoshwe kwa maji mengi na sabuni, na chupa yenye lebo ya dawa iende naye hospitali, kwa sababu daktari asiyejua jina la dawa anatibu kwa kubahatisha.

Mgongo nao una kesi yake maarufu. Mwaka 2022 mahakama ya Edinburgh, Uskochi, iliwaruhusu mamia ya wachuma chai wa Kericho, Kenya, waendeshe kwa pamoja madai yao dhidi ya James Finlay (Kenya) Limited, kampuni iliyosajiliwa Uskochi. Walidai kuwa kubeba vikapu vizito kwa saa nyingi kwenye miteremko kumewaharibu migongo. Kampuni ilipinga madai hayo. Ubishi mmojawapo mkubwa ulikuwa kama madai ya namna hiyo hayakupaswa kuanzia Kenya, chini ya sheria ya fidia ya nchi hiyo. Ninachokiona mimi katika kesi ile ni umbali. Watu waliamua kusafirisha maumivu yao kilomita maelfu kwa sababu mgongo ulioharibika taratibu haukuwa na nafasi rahisi kwenye fomu iliyotengenezwa kwa ajili ya ajali.

Nyoka wamo pia, na wanastahili kutajwa maana wengi huona kung'atwa ni bahati mbaya ya mtu. Kifutu hulala kwenye majani makavu ya mkonge na chini ya miwa, wala hakimbii akisikia nyayo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa kati ya watu 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa sumu ya nyoka, wengi wao wakulima na wafanyakazi wa mashambani. Aliyeng'atwa akiwa kwenye ngwe yake ameumia kazini. Asikatwe kwa wembe, asifungwe kamba ya kukaza. Mguu utulizwe usitikisike, na apelekwe haraka kwenye kituo chenye dawa ya sumu ya nyoka. Shamba linaloajiri watu mia tatu kwenye eneo la vifutu linapaswa kujua, kabla msimu haujaanza, ni hospitali ipi ya karibu yenye dawa hiyo.

Baada ya kidonda kupona huja kipimo cha asilimia, ambacho wafanyakazi wengi hukiona kama fumbo. Sheria zina jedwali: kidole hiki asilimia kadhaa, jicho asilimia kadhaa, mguu chini ya goti asilimia kadhaa. Jedwali husaidia kuondoa upendeleo, lakini haliulizi kazi ya mtu. Kidole cha shahada cha karani na cha mchuma chai kina asilimia ile ile, wakati kwa mchuma chai kidole hicho na gumba ndiyo ajira yake yote. Kenya iliona tatizo hili. Sheria yake inampa Mkurugenzi wa usalama kazini mamlaka ya kuongeza asilimia pale jeraha linapomletea mtu madhara makubwa yasiyo ya kawaida kwa sababu ya aina maalumu ya kazi yake. Wafanyakazi wa mashamba ya Kenya na vyama vyao wanapaswa kukidai kifungu hicho kwa jina kila wanapojaza fomu.

Kwa mengine, mpango wa Kenya naona una udhaifu ambao Tanzania iliukwepa. Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini ya 2007, inayojulikana kwa kifupi chake WIBA, inamtaka kila mwajiri akate bima kwenye kampuni binafsi. Fidia ya ulemavu kamili wa kudumu au kifo ni mapato ya miezi 96, kiasi ambacho kwa hakika si haba. Lakini mfanyakazi wa mkulima mdogo wa Nyandarua asiyekata bima akiumia, hukumu ya miezi 96 inamkuta mkulima huyo hana hata ng'ombe wa kuuza. Sheria hiyo pia ilikaa miaka mingi kwenye mgogoro. Mahakama Kuu ilibatilisha baadhi ya vifungu vyake mwaka 2009, Mahakama ya Rufaa ikarudisha vingi kati ya hivyo mwaka 2017, na Mahakama ya Juu ikathibitisha Desemba 2019 kwamba madai yaanzie kwa Mkurugenzi badala ya mahakamani. Wakati mawakili na serikali wakibishana, aliyeumia hakuwa na uhakika agonge mlango upi. Sasa njia inajulikana: asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kupinga, kisha anaweza kwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Liko jambo moja ambalo nchi zote mbili zinalishughulikia kwa unyonge: kurudi kazini. Mtu wa mkataba wa msimu akiumia mwezi wa mwisho, mkataba huisha akiwa kitandani, na mwajiri hudhani wajibu wake umeisha pia. Haujaisha. Haki ya fidia ilizaliwa siku ya ajali na haifi na mkataba. Na kwa wale wa kudumu, kanuni za utendaji bora wa kazi za Tanzania za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri atafute kwanza kazi mbadala kabla ya kumwachisha mtu kwa kukosa uwezo kutokana na jeraha. Shamba lina kazi nyingi zisizohitaji mikono miwili: mizani, stoo, kitalu, lango, kuhesabu mafungu. Aliyepoteza mkono kwenye korona anaijua korona kuliko mtu yeyote, na ningependa kumwona akifundisha wageni jinsi ya kuikaribia.

Nimebakiza kundi kubwa zaidi, la watu wanaolimiana. Jirani humwita jirani kupalilia mahindi kwa siku mbili, kwa bei ya kuelewana, na jembe likimkata mguu wanasaidiana kadiri ya uwezo. Sitegemei WCF ifike kwenye kila jaruba, na kumtaka mkulima wa ekari moja ajisajili kama mwajiri ni kumtwisha makaratasi yasiyomfaa mtu. Lakini kati ya huyo na kampuni kubwa wapo wale wa AMCOS, na kwao sioni kisingizio. Kundi la wakataji 40, kila mmoja akipata 300,000 kwa mwezi, lina mishahara ya milioni 12. Mchango wa asilimia 0.5 ni shilingi 60,000 kwa mwezi kwa kundi zima, yaani 1,500 kwa kila mkataji. Fedha hiyo itoke kwa chama na wakulima wanaofaidi kazi yake, kamwe isitoke kwake. Kiwanda kinapomlipa mkulima wa nje, tayari malipo hayo hukatwa gharama za kuvuna na kusafirisha pamoja na mikopo ya pembejeo. Mstari mmoja uongezwe kwenye karatasi hiyo hiyo, chama kisajiliwe kuwa mwajiri wa wakataji wake kwa msimu, na orodha ya majina ipelekwe WCF kabla shamba la kwanza halijachomwa.